Mtoto hajui lupu, mshamwambia atengeneze databesi

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua manake hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana, na kila tukikutana walimu wenzangu tunaliongea weee halafu tunaliacha palepale barazani. Mimi nafundisha watoto wa sekondari kuprogramu kompyuta hapa Amu, yani Lamu, Jumamosi na wakati wa likizo, chumba kimoja mtaa wa Langoni, laptopu sita za mitumba na ubao mmoja. Wako wa kidato cha tatu, wako wa nne, na mwaka huu nimepata hawa wa gredi ya 10 walioanza Januari na mtaala mpya.

Mwaka jana mwezi wa saba alinijia kijana wa kidato cha nne, heshima zake, shikamoo mwalimu, akachomeka fleshi akanionyesha projekti yake ya mtihani. Mashallah, kitu kizuri, mfumo wa maktaba, juu Visual Basic, lugha ya kuandikia programu, na chini Access, databesi ya kuhifadhi taarifa, vitufe vina rangi, ripoti inatoka. Nikamwambia haya mwanangu, hebu fungua ukurasa mtupu uniandikie programu ya kutoa namba 1 mpaka 10 kwenye skrini. Akaandika 1, akaandika 2, akasimama akaniangalia. Hajui lupu, ile amri ya kurudiarudia kazi. Projekti yote kanunua kwa mtu wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, na yule mtu wa saiba kaiuza hiyohiyo kwa wengine kwa kubadilisha jina na rangi ya vitufe tu. Shule yake siitaji na kijana simlaumu, kapewa mlima apande na hakuna aliyemwonyesha pa kuweka mguu wa kwanza.

Tazama mpango wenyewe ulivyo. Silabasi ya zamani ya somo la kompyuta inaleta kuprogramu kidato cha tatu, mada moja tu katikati ya nyingine, mara uwakilishaji wa data, mara uchakataji, mara kuunda mifumo, halafu kidato cha nne mtoto anaambiwa haya leta projekti kamili yenye databesi. Yani anatoka kwenye alif anaenda moja kwa moja kusoma khutba. Mwaka 2022 KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, iliidhinisha kuprogramu kufundishwe shule za msingi na sekondari na mimi nilifurahi sana, na hadi saizi nafurahi, lakini kuidhinisha ni jambo moja na mtoto kuelewa ni jingine, na naogopa hawa wa gredi ya 10 watapitishwa njia ileile ya kaka zao.

Kile ninachokiomba ni kimoja: mwaka mzima wa mwanzo uwe wa mwanzo kweli. Hakuna databesi, hakuna vitufe vya rangi, hakuna kutengeneza tovuti ya shule. Variabo (jina linaloshika thamani), sharti, lupu, orodha, fankisheni (kipande cha programu chenye jina unachokiita), bas. Na vifundishwe kwa Kiswahili na kwa vitu ambavyo mtoto anavijua tangu nyumbani.

Watu wananiuliza Kiswahili kitawezaje na lugha zenyewe za kompyuta ni za Kizungu. Jamani, Python, lugha ya kompyuta ambayo Guido van Rossum aliitoa 1991 na sasa inafundishwa dunia nzima, ina maneno 35 tu iliyojiwekea, kama if na while na return. Mtoto wa madrasa hapa kwetu amehifadhi juzuu nzima, maneno 35 yatamshinda wapi? Kigumu ni maelezo ya kwa nini lupu imesimama pale na haikusimama hapa, na hayo mtoto akielezwa kwa lugha anayoiota usiku yanaingia. Kemeny na Kurtz walipotengeneza lugha ya BASIC kule chuo cha Dartmouth Marekani 1964 shabaha yao ilikuwa hiyohiyo, mwanafunzi asiyekuwa wa sayansi aweze kuongea na kompyuta kwa maneno yaliyo karibu na ya kwake. Hata Scratch ya chuo cha MIT Marekani, ile ya kuprogramu kwa kupanga vipande kwa watoto wadogo, ukiingia kwenye lugha zake Kiswahili kimo. Na hili neno lenyewe algorithi, yani hatua za kufuata kutatua jambo, limetoka kwa jina la al-Khwarizmi aliyekuwa Baghdad karne ya 9, kwa hivo mtoto wa Amu asiambiwe huu ni ujuzi wa watu wengine.

Sasa nikueleze tunavyofanya, manake bila mfano nitaonekana nalalamika tu.

Mtoto wa Kiswahili ana saa mbili, ya kwenye simu na ya mdomoni. Simu inasema 13 yeye anasema saa saba mchana. Basi nawapa hiyo, niandikieni programu ya kugeuza saa ya simu iwe ya Kiswahili. Wote wanakimbilia kutoa 6, na 13 inakuwa 7, 18 inakuwa 12, wanashangilia. Nawaambia wekeni 20. Inakuja 14, na hakuna saa kumi na nne kwa Kiswahili. Hapo ndo wanakutana na baki ya kugawanya kwa 12 na wanaielewa siku hiyohiyo, kwa sababu wanaihitaji. Halafu 6 ya asubuhi inatoa sifuri, hakuna saa sifuri, lazima waweke sharti kwamba ikiwa sifuri sema kumi na mbili. Halafu inakuja 3 ya usiku, na hapa pana jambo. 3 toa 6 ni hasi 3, na kwenye Python baki ya hasi 3 kwa 12 ni 9, saa tisa usiku, sawasawa kabisa. Lakini binti mmoja alikuwa anaifanya kwenye Visual Basic sababu ndo ya shuleni kwao, kwake ikatoka hasi 3, akakaa dakika kama arobaini anatafuta kosa na hakukosea kitu, ni hizi lugha mbili zinahesabu baki tofauti namba ikiwa hasi. Nilitaka kumsaidia nikajizuia. Baadaye nikasikia, "Mwalimu ndoo uone, si tuongeze 6 badala ya kutoa?" Akaandika 3 ongeza 6, 9. 13 ongeza 6 ni 19, baki yake kwa 12 ni 7. Ikakubali masaa yote 24, kwenye lugha zote mbili. Huyo binti hakununua hiyo kwa mtu, na ukimwamsha usiku wa manane atakueleza kwa nini inafanya kazi.

Jingine ni bao. Pale Mkunguni mbele ya ngome wazee wanacheza kila alasiri na watoto wanapita bila kujua kwamba wanapita mbele ya darasa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Tunachora kwa chaki sakafuni kabla ya kuwasha mashine yoyote, na mtoto anasema kwa mdomo kila hatua anayofanya, mwenzake anaiandika. Ukishika kete tano mkononi unajua utasambaza mara tano, hiyo ni lupu ya for. Lakini kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaokota unaendelea, na unaendelea mpaka ulale kwenye shimo tupu, na hujui itakuwa mara ngapi, hiyo ni while. Nimefundisha tofauti ya for na while kwa vitabu miaka na miaka watoto wanakariri na kusahau, kwa bao sijaona aliyesahau. Halafu orodha, mashimo 32 yakae kwenye orodha moja, na kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri kwa hivo shimo la mwisho ni namba 31 sio 32, na ukilisahau hilo programu inakuangukia. Na kipimo chao wanacho tayari bila mimi kuwapa, kete hazitoki mchezoni, za kwenye mashimo na za mkononi na za ghalani ukijumlisha lazima ziwe 64 kila wakati, zikipungua hata moja kuna kosa mahali, rudi utafute. Hiyo tabia ya kujua mapema nini lazima kiwe kweli na kukikagua kila hatua, wapo watu wazima wanaolipwa kuandika programu na hawanayo.

Elimu ya juu nayo ninaipenda wala sisemi iachwe. Mtoto akishamaliza mwaka wa mwanzo mpe mizani, yani kuhesabu silabi za shairi. Huku kwetu ni pwani ya tenzi, kila kipande cha utenzi mizani nane. Silabi za Kiswahili zinaisha na irabu, kwa hivo wa mwanzo anahesabu irabu tu na karibu apate. Mwana, irabu mbili mizani mbili. Nyumba, sawa. Halafu inakuja "mtu", irabu moja lakini mizani mbili, m ile inasimama peke yake. Na "nchi" vilevile. Anaongeza sharti, m ikifuatwa na konsonanti ihesabiwe, basi "mwana" inaharibika, anatoa w, halafu "mbuzi" inaharibika, anatoa b, halafu "mbwa" inamgomea. Mwisho anafika kwa "mbuni", ambaye akiwa ndege ni mizani mbili na ukiwa mti wa kahawa ni tatu, na herufi ni zilezile, hakuna sharti la herufi litakalomwokoa hapo, lazima programu ijue maana ya sentensi. Hapo ndo elimu ya juu inaanza, na mtoto amefika mwenyewe kwa miguu yake. Watoto wa wavuvi nawapa maji ya bahari kujaa na kupwa, kujaa mpaka kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hivo kila siku yanasogea kama dakika 50, wanatabiri wiki nzima halafu wanauliza baba zao, na bamvua (maji yanapojaa sana) na maji mafu (yanapojaa kidogo) yanaingia baadaye pamoja na hesabu ngumu zaidi.

Mzazi mmoja alinisimamisha baada ya Ijumaa akaniambia ustadhi unajisumbua, akili mnemba itaandika yote hayo. Nilimheshimu nikamjibu vizuri na namjibu tena hapa. Wanafunzi wangu waliijaribu kwenye mizani. Ilileta programu safi, inaenda bila kosa lolote kwenye skrini, na inasema "mtu" ni mizani moja. Aliyeliona hilo ni mtoto aliyekuwa ameshasumbuka na m kwa wiki mbili, wenzake wapya walishaikubali na kufunga laptopu. Itumike, mimi sikatazi, lakini baada ya mwaka wa kwanza, sio badala yake.

Vifaa nitavipitia haraka manake kila mtu anajua. Hewa ya chumvi inakula kibodi, stima inakatika, na kipindi cha dakika 40 kumi zinaishia kwenye kuwasha mashine. Lakini Python haitaki mashine kubwa, laptopu ya zamani inatosha, na Thonny, programu ya bure ya kuandikia kwa wanaoanza iliyotoka chuo cha Tartu Estonia, inafanya kazi bila intaneti na unaibeba kwa fleshi, na inamwonyesha mtoto variabo zikibadilika hatua kwa hatua. Kikubwa kinachokosekana ni mwalimu. Uingereza walipoondoa somo la ICT wakaweka la kompyuta 2014 walijikuta palepale, walimu waliokuwa wanafundisha kutumia programu za ofisi wakatakiwa wafundishe kuziandika. Kwetu mwalimu mmoja ana kompyuta, ana hisabati, na pengine fizikia juu yake, halafu unamuuliza kwa nini watoto wananunua projekti.

Na hiyo projekti, ombi langu kwa wanaotunga mtihani. Iacheni, lakini muongeze dakika kumi tu, mwanafunzi akae mbele ya mwalimu na aambiwe badilisha kitu kimoja hapa nikiona. Ongeza sehemu ya kujaza namba ya simu. Panga majina kinyume. Aliyeiandika atabadilisha, na hata akikosea utaona anajua pa kuangalia. Biashara ya saiba itakufa muhula huohuo.

Yule kijana wa maktaba alirudi Desemba baada ya mtihani, mwenyewe, sikumwita. Alianza na 1 mpaka 10, siku ya kwanza akamaliza, akafanya saa, akafanya irabu. Saizi yuko kwenye bao tangu wiki iliyopita. Jumla inamjia 63 badala ya 64 kila anapozunguka kutoka shimo la mwisho kurudi la kwanza, na Jumamosi iliyopita alikataa kwenda kula mpaka aipate hiyo kete moja.

Mimi,
Mwalimu wa Jumamosi,
Langoni, Lamu