Mheshimiwa, gari ikiandikwa Rongai ifike Rongai

Kwako Mheshimiwa unayesimamia usafiri wetu,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Sijawahi kuandikia mkubwa barua maishani mwangu, hata ile ya kuomba kazi niliandikiwa na binamu yangu, kwa hivyo kama kuna mahali nitakosea heshima naomba unisamehe mapema. Lakini nimengoja mpaka nimechoka, na kilichonipata Jumanne ndicho kimenifanya nikae chini niandike.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Gataka huku Ongata Rongai, na kazi yangu ni ya jikoni kwenye kantini ya ofisi moja Upper Hill. Natoka kwa nyumba saa kumi na nusu asubuhi kukiwa giza kwa sababu chai ya hao watu lazima iwe tayari saa moja. Nauli ya asubuhi huwa mia moja. Jioni mia na hamsini. Mvua ikinyesha ni mia mbili, mia mbili hamsini, siku moja ya mwezi wa nne nililipa mia tatu, na ni barabara ile ile, kiti kile kile, hata shimo ni lile lile. Mimi mshahara wangu haupandi mvua ikinyesha Mheshimiwa.

Sasa hiyo Jumanne nilitoka kazini saa kumi na mbili na nusu, nikashuka kwa miguu mpaka Railways kwa sababu ukingojea pale Nyayo Stadium gari zote zinapita zimejaa. Mvua ilikuwa imeanza. Steji ilikuwa imefurika watu, wengine wamejifunika mifuko ya plastiki kichwani, na makanga wanaita "Rongai soo mbili, Rongai soo mbili", yaani mia mbili, halafu ikakuja gari moja yenye makanga wake akasema mia na hamsini, tukaiingia kama watu wanaokimbizwa. Nililipa kwa simu kabla hata hatujatoka steji. Hiyo meseji ya M-Pesa bado ninayo, saa moja na dakika hamsini na mbili, shilingi 150, na kwa kioo cha mbele ya hiyo gari palikuwa pameandikwa Rongai kwa herufi kubwa nyekundu, nilizisoma mwenyewe wakati napanda.

Tukaenda polepole, Langata Road yote ilikuwa imeshikana. Tulipofika Bomas gari ikasimama, taa za ndani zikawashwa, makanga akasema mwisho wa gari, Rongai kumejam, shukeni hapa mtapata ingine. Hivyo tu. Watu wakakataa. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya dereva akamwambia kijana, mimi ni kama babako, nirudishie basi hata fifty nipande ingine, na makanga akamwangalia akaenda kusimama kwa mlango. Dereva akaongeza muziki. Tulishuka mmoja mmoja kwa matope, na kabla hata wa mwisho hajaweka mguu chini hiyo gari ilikuwa tayari imeanza kugeuza kurudi tao, na nina hakika kabisa kwamba ilienda kupakia watu wengine wa soo mbili Railways na kuwaleta tena mpaka hapo hapo.

Magari yaliyokuja baadaye yalitaka mia kutoka Bomas. Nilikuwa na shilingi arobaini kwa mkoba na kwa simu hakuna kitu, tarehe ilikuwa ishirini na tatu, unajua venye tarehe hizo huwa. Tukaanza kutembea. Tulikuwa watu kama kumi na mbili, kulikuwa na msichana mwenye mtoto mgongoni, mtoto amelala kichwa kimeanguka upande na maji yanamtiririka shingoni, na kijana wa shule mwenye yunifomu aliyevua sweta akamfunika huyo mtoto bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa na viatu vyangu vya jikoni, vile vyeupe vya mpira, vinateleza kwa tope, na pale baada ya chuo cha Multimedia barabara ni giza, kando ni ua wa mbuga ya wanyama na huku upande mwingine lori zinapita zikiturushia maji. Nilimbeba yule mtoto kipande nikampumzisha mamake. Hatukuzungumza sana. Kila mtu alikuwa anahesabu hatua zake.

Nilifika kwangu saa tano na dakika arobaini usiku. Msichana wangu mkubwa ana miaka kumi na tatu, alikuwa amepika ugali na sukuma akalisha wadogo wake akawalaza, yeye nilimkuta amekaa kwa kiti ameegemea mlango na simu yangu ya zamani mkononi, amelala hivyo. Kesho yake nilichelewa kazini dakika arobaini, supavaiza akanipa barua ya onyo. Ya kwanza hiyo. Ya tatu unaenda nyumbani. Kwa hivyo Mheshimiwa hiyo gari ilinichukulia mia na hamsini, ikanichukulia usingizi, na sasa imeshika kibarua changu.

Nimeandika yote haya kwa sababu najua barua kama hizi hujibiwa kwamba usafiri ni biashara ya watu binafsi, saccos, vile vyama vya wenye matatu, zijisimamie. Mimi sikusoma sana lakini niliomba mwanangu anitafutie Katiba ya 2010 kwenye simu, tukasoma Ratiba ya Nne, yaani lile jedwali la mwishoni, kwenye orodha ya kazi za serikali za kaunti. Imeandikwa usafiri wa kaunti, halafu wakataja barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Imeandikwa hapo. Na hata kama barabara hii yetu inatoka Nairobi inaingia Kajiado na kila mmoja anaweza kusema si yangu, kwa sababu hiyo hiyo mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya usafiri ya Nairobi na majirani zake, kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ili abiria asipotelee pale mpaka unapopita. Mimi nilipotelea Bomas. Sijafika hata mtoni Mbagathi, ambao ndio mpaka wenyewe.

Na ahadi tumezipata nyingi. Tuliambiwa mabasi ya mwendo wa kasi yanakuja, laini tano zikapewa majina ya wanyama, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati, na hiyo ya Simba kwenye ramani inaanzia huku kwetu Rongai inapita tao mpaka Thika Road. Nilifurahi nikasema wanangu watasoma sekondari wakipanda hayo. Mwaka 2018 Thika Road ikapigwa rangi nyekundu, wakasema hapo ndipo basi litapita peke yake. Rangi imefutika na matairi. Baadaye wakaanza kujenga vituo katikati ya barabara, nguzo zikasimama, na miaka imepita. Huku kwetu hata rangi hatukupata. Mwaka huo huo wa 2018 mabasi ya NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa, yalipelekwa mitaa kadhaa ya Nairobi kwa nauli ya chini, kwa hivyo mtu asiniambie serikali haiwezi kuweka basi barabarani, tuliona inaweza, ikitaka.

Mamangu alikuwa akitusimulia mabasi ya Nyayo, yale yalianzishwa 1986, vijana wa NYS ndio walikuwa wakiyaendesha na kukata tiketi. Alikuwa akiuza mboga soko la Wakulima. Alikuwa anasema unajua unalipa ngapi kabla hujatoka nyumbani, na kama huna unajua pia, unatembea ukiwa umeshajipanga. Yalikufa miaka ya tisini na wengi husema yaliibwa mpaka spea, sijui yote lakini naona ile shida haikuwa basi, shida ilikuwa watu waliopewa kulinda basi. Hiyo ndiyo ingerekebishwa. Badala yake tukaachiwa kila mtu na gari lake.

Na watu wamekuwa wengi Mheshimiwa. Sensa ya 1999 Kajiado yote ilikuwa na watu 406,054. Ya 2019 ilikuta 1,117,840, na Ongata Rongai peke yake 172,569. Hiyo ni 2019, wewe fikiria saa hii. Kila nikitoka asubuhi naona ploti mpya imepanda gorofa, nyumba za kupanga zimemea Nkoroi, Rimpa, Tuala, Kiserian kote, vibali vya kujenga vinatolewa na ada inalipwa, lakini hao watu wote asubuhi wanateremka kwa Magadi Road moja kwenda kutafuta. Mtu anaruhusiwa kujenga nyumba ya familia arobaini na hakuna anayemuuliza hao arobaini watapanda nini.

Sitaki niwasingizie watu wa matatu wote. Kuna dereva wa asubuhi, mzee mtaratibu, amenibeba mara mbili bila pesa akaniambia utanipa kesho, na nilimpa. Nadhani shida inaanza kwa mwenye gari, dereva na makanga wanapewa target ya siku na isipofika wanatoa mfukoni mwao, kwa hivyo wakiona jam wanaona hasara, wanageuza Bomas ndio wapate trip ya pili ya watu wa mvua. Kuna kamagera, wale vijana wa kuitia abiria kwa steji, wanataka zao, kuna wale wa barabarani wanaosalimiwa kwa dirisha, kila mmoja anakula kidogo na yule wa mwisho kwenye huo mstari ni mimi na viatu vya jikoni. Labda nimekosea mahali. Lakini hata mafuta, tangu mwezi wa saba 2024 kila lita ina shilingi 25 za kutunza barabara, zilikuwa 18, na hizo huwa tunazilipa sisi abiria ndani ya nauli hata kama hatuna gari. Tunalipa. Hatujakataa kulipa.

Nilikuwa nimeandika orodha ndefu ya mambo ya kukuomba, taa pale baada ya Multimedia, kibanda cha kungojea mvua Railways upande wetu, mabasi makubwa ya umma yenye ratiba, askari wa kusimamia steji jioni. Bado nayataka yote. Mabasi ya umma ndiyo nayataka zaidi, hata kumi tu yakianza, yatoke Kiserian na Rongai saa kumi na moja asubuhi na yarudi jioni, nauli moja kiangazi na masika. Lakini najua utaniambia bajeti, utaniambia utafiti unafanywa, utaniambia subiri laini ya Simba. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mwaka huo wa mamlaka kuundwa na saa hii anajifunga kamba za viatu mwenyewe na kujiandalia chai.

Kwa hivyo nimepunguza. Naomba moja ambayo haihitaji kununua basi hata moja. Nauli iandikwe ubavuni kwa gari, kwa rangi, namba kubwa kama zile za njia, isomeke ukiwa nje kabla hujapanda. Na gari ikiandikwa Rongai ifike Rongai. Ikigeuza Bomas au Galleria na imelipwa ya Rongai, kuwe na namba ya simu ambayo mtu akipiga usiku huo huo inashikwa na binadamu, na hiyo gari isipakie kesho yake. Hiyo tu. Kibandiko na namba ya simu, Mheshimiwa, na mtu wa kuishika hiyo simu.

Ukitaka kujua kama nasema kweli usije na gari lako. Njoo Railways saa moja jioni siku ya mvua, uvae kawaida, ubebe mia na hamsini peke yake, upande na sisi. Nitakushikia nafasi ya kukaa, nakuahidi, na tukishushwa njiani nitatembea na wewe najua mahali pa kukanyaga.

Namba ya hiyo gari niliisoma wakati inageuza na nimeiandika kwa daftari la mtoto. Sijaiweka hapa kwa sababu sitaki kijana apigwe au aharibiwe gari, nataka tu aulizwe na mtu mwenye mamlaka ya kumuuliza. Ukinijibu nitakupa.

Leo ni Ijumaa. Wingu limekaa upande wa Ngong tangu saa sita, jeusi kabisa, na mimi natoka kazini saa kumi na mbili na nusu nikiwa na mia mbili.

Wako kwa heshima,
Mama wa Gataka, abiria wako wa kila siku