Mlio wa mama haukuwa pumu

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze yaliyompata mama, maana wako wengine wanaouguza ndugu aliyetoka kupasuliwa moyo na huenda wanausikia mlio ule ule.

Mama alibadilishwa vali, kile kilango cha damu ndani ya moyo. Moyo ulikaa sawa, na kwa hilo nawashukuru sana madaktari wake. Lakini mapafu yalichelewa kupata nguvu, akakaa siku 11 kwenye mashine, mpira wa kupumulia ukiwa kooni. Ulipotolewa, sauti ilikuwa imekwaruza. Tukaambiwa itarudi.

Wiki ya tano nyumbani akaanza kuishiwa pumzi. Kisha ukaja mlio. Akapewa dawa ya pumu ya kuvuta, ikaongezwa, ikabadilishwa, wapi! Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Usiku mmoja nikamwekea kiganja kifuani nikasikiliza: mlio ulikuja kila kifua kilipopanda. Mwenye pumu hubanwa zaidi akitoa pumzi. Mama alibanwa akiivuta. Nikamrekodi kwa simu, nikampelekea daktari wa koo. Alisikiliza mara moja tu, akaagiza kamera iingizwe siku hiyo hiyo. Bomba la hewa lilikuwa limezibwa na kovu, limebaki tundu la milimita 5.

Mpira ule una kiputo mwishoni, hujazwa hewa ili kuziba pembeni. Kikijaa kupita kiasi, damu haifiki kwenye utando laini wa ndani. Utando unakufa, kovu linaota na kujikunja taratibu, ndiyo maana dalili huja wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwisha kuisahau mashine. Shinikizo la kiputo linatakiwa liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji (ndicho kizio cha shinikizo hilo), na kipimo chake kipo, cha kushika mkononi. Kukisia kwa kubonyeza na vidole hakutoshi.

Ni madhara ya nadra, sikatai. Ila karatasi za kuruhusiwa za mama zilieleza vali, kidonda na dawa za kuzuia damu kuganda, na zile siku 11 hazikupata hata mstari mmoja. Kila daktari tuliyemwona baadaye alianzia kwenye pumu. Naziomba hospitali ziandike siku za mpira, na kliniki zimuulize anayelala karibu na mgonjwa kama anasikia mlio.

Mama ametanuliwa bomba hilo kwa puto mara mbili sasa. Juzi nilimkuta amelala, mto mmoja tu.

Ni mimi, binti yake