Mbunge tumuulize alivyopiga kura

Ndugu Mhariri,

Nalima viazi mviringo Uporoto, kandokando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Naomba nafasi niseme na wapiga kura wenzangu wa nyanda za juu kusini, maana jambo lenyewe linatuhusu sisi kabla ya kumhusu mbunge.

Msimu uliopita, kabla gunia halijapandishwa kwenye Fuso, nilililaza kwenye mizani ya jirani yangu anayenunua mahindi. Mnunuzi alikuwa ameshalishona lumbesa, kilemba kimesimama juu kwa wavu na kamba. Mizani ikasoma kilo 138. Kanuni za vipimo zinataka gunia lisizidi kilo 100. Nililipwa gunia moja. Zile kilo 38 za juu ni palizi ya mke wangu, ni dawa ya ukungu tuliyopuliza mvua yote ile, na hakuna aliyezilipia.

Kwa hiyo mbunge alipofika kwenye mkutano wa hadhara wa kata yetu, nilisimama. Nikamuuliza: Mheshimiwa, tangu tukutume Dodoma, kuna siku gani umepiga kura kwa jambo linalomgusa mkulima wa viazi, na ulisema ndiyo au siyo? Hajafungua mdomo, mzee mmoja ninayemheshimu sana akanivuta koti. "Kaa chini mwanangu, muulize bati za zahanati." Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akaahidi bati hamsini, mkutano ukafungwa kwa sala.

Simlaumu yule mzee. Zahanati inavuja kweli. Na mimi mwenyewe mwaka mmoja kabla nilimpelekea mbunge huyohuyo kadi ya mchango wa harusi ya mdogo wangu, akatoa, tukashukuru. Lakini hapo ndipo tunapojipunja. Tunamwita kwenye msiba, kwenye harambee, kwenye jezi za vijana. Kura yake bungeni hatumuulizi, naye anajua hatutamuuliza.

Na kura yenyewe haionekani kirahisi. Mambo mengi Bungeni hupita kwa sauti. Spika husema wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha hutamka kwamba anadhani walioafiki wameshinda. Fungua Kumbukumbu Rasmi za Bunge, ile Hansard, iko kwenye tovuti yao: utakuta "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa", basi. Nani alisema nini, hakuna. Bajeti ya Serikali ndiyo kila mwaka mwezi Juni hupigiwa kura ya kuitwa majina, mmoja mmoja. Hata hapo mbunge ana mzigo shingoni, maana Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Tena Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, kiti kimekwenda. Chama kina kamba fupi. Sisi kamba yetu ni ndefu, ya miaka mitano, na katikati tunaiachia ilale chini.

Mwaka 2018 wabunge wa Lindi na Mtwara walisimama kidete kutetea fedha za ushuru wa korosho ghafi zisiondolewe kwenye mfuko wa zao. Walisema kwa uchungu, na wapigakura wao walikuwa nyuma yao. Sheria ya Fedha ilipita hivyohivyo. Nakumbuka nilisikiliza redioni nikiwa shambani nikajiuliza, je, ingekuwa viazi, sisi tungekuwa na nani wa kusema hata hayo?

Ila nisiseme sauti ya mwananchi ni bure. Tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Ilikuwa imo ndani ya Sheria ya Fedha, na wabunge wetu ndio waliipitisha. Hapa kwetu mtu aliyepokea hela ya mbegu kutoka kwa mwanawe aliye Dar aliona makato kwa macho yake mwenyewe. Kelele zikawa sokoni, kanisani, kwenye daladala. Septemba mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikashushwa tena. Waliokaa kimya Juni walianza kusema.

Wenzetu wenye viwanda na wafanyabiashara wakubwa hawangoji kelele za sokoni. Kamati za Bunge huwaita wadau kutoa maoni kabla muswada haujapita. Wao hufika na karatasi zilizochapwa, zenye hesabu, wakiwa na mwanasheria pembeni. Ni haki yao, na sioni ubaya. Ubaya ni kwamba kiti cha mkulima mle ndani mara nyingi kiko wazi. Kutoka hapa hadi Dodoma ni kupita Makambako, Iringa, ukavuka Mtera. Zaidi ya kilomita 550, na taarifa ya wito ukiipata, siku zimebaki chache. Mbunge akisikia upande mmoja tu, atapiga kura kwa alichosikia.

Naomba mambo mawili. Bunge lifikirie kuandika majina ya kura kwenye miswada ya kodi na ya mazao, siyo bajeti peke yake. Na madiwani wetu wakiandaa mkutano wa mbunge, watenge muda wa kumuuliza kura zake, kabla ya bati na kabla ya jezi.

Sisi kikundi chetu tumeshaanza. Tuko thelathini na wawili. Kila anayeuza anapima gunia kwanza na kuandika kilo kwenye daftari, tarehe na bei. Kila mmoja anachanga shilingi 2,000 kwa mwezi, ni nauli ya watu wawili kwenda Dodoma siku kamati itakapoita. Daftari liko kwangu, limefika ukurasa wa kumi na moja.

Mkulima wa viazi,
Uporoto, Mbeya