Kabla ya kuogopa nitrati, tuulize imetoka wapi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nitrati, chumvi ya nitrojeni na oksijeni iliyomo kwenye vyakula na maji, ilisema nusu ya ukweli. Soseji, maji ya kisima na spinachi vyote vilitiwa kapu moja, kisha msomaji akaambiwa apunguze nitrati asije akapata saratani. Atakayeushika ushauri huo ataanza na mboga za majani, kwa kuwa sehemu kubwa ya nitrati tunayokula imo humo: kwenye spinachi, saladi, bitiruti. Mwenye presha ya kupanda atakuwa amejinyima kitu kinachomfaa.

Nitrati yenyewe ni tulivu. Ikimezwa huingia kwenye damu, na takriban robo yake huvutwa na tezi za mate na kurudishwa mdomoni. Huko bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi huigeuza sehemu yake kuwa nitriti, nduguye mwenye oksijeni pungufu. Tunapomeza mate, nitriti hiyo huweza kuwa nitriki oksidi tumboni na hata ndani ya damu, gesi ambayo hulegeza misuli ya mishipa ya damu ili itanuke. Mishipa hujitengenezea gesi hii pia kutokana na arginini, kijenzi kimojawapo cha protini, lakini uwezo huo hufifia kwa uzee na maradhi. Wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kuonyesha kazi yake.

Ushahidi upo. Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha jaribio la watu 68 wenye shinikizo la juu la damu. Nusu yao walikunywa mililita 250 za juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki nne, na wengine juisi ileile iliyoondolewa nitrati. Kwa kundi la kwanza shinikizo la juu (namba ya kwanza kwenye kipimo cha presha) lilishuka kwa karibu milimita 8 za zebaki. Kwa kundi la pili halikushuka. Walipoacha kunywa, likarudi lilikokuwa. Nchini Denmark, zaidi ya watu 50,000 walifuatiliwa kwa miaka zaidi ya 20, na waliokuwa wakipata kama miligramu 60 za nitrati ya mboga kwa siku waliugua moyo na mishipa kwa uchache kuliko waliokula kidogo sana. Kuzidisha hapo hakukuongeza faida. Huo wa Denmark nauchukua kwa tahadhari, maana mla mboga mara nyingi ana mazoea mengine mema, na wauza unga wa bitiruti hawapendi kulitaja hilo.

Hofu nayo haikuzuka hewani. Mwaka 1956 watafiti Magee na Barnes walionyesha kwamba nitrosamini huwapa panya uvimbe wa ini, na nitriti ikikutana na amini (kemikali zinazotokana na protini) kwenye asidi ya tumbo au kwenye kikaango huweza kuzaa nitrosamini. Mwaka 2015 shirika la saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) liliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, ambayo mara nyingi huhifadhiwa kwa nitriti, miongoni mwa visababishi vya saratani: kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama huja na amini na madini chuma ya damu. Mboga huja na vitamini C, inayozuia nitrosamini zisijengeke. Molekuli ni ileile, wenziwe ndio tofauti. Ndiyo maana sishawishiki na nyama iliyotiwa unga wa seleri, ambayo ni mboga, kisha ikauzwa kama “isiyoongezwa nitriti”: unga huo una nitrati nyingi, na bakteria huigeuza kuwa nitriti vilevile.

Maji yana sababu yake. Kikomo cha WHO cha miligramu 50 za nitrati kwa lita kiliwekwa hasa kumlinda mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa, ambaye damu yake, nitrati ikizidi, huweza kushindwa kubeba oksijeni.

Naomba toleo lijalo livieleze vyanzo hivyo kila kimoja peke yake. Lisiache pia dawa za kusukutua mdomo zenye klohexidini, kiua vijidudu: zinawaua bakteria haohao wa ulimi, na katika majaribio madogo shinikizo la damu la waliozitumia kila siku lilipanda kidogo.

Msomaji wenu