Mjomba, Kamanda hatapita handaki mbele ya fimbo

Mjomba wangu wa Tororo,

Salaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na zile kelele za malori ya kwenda Malaba. Unasema umeiona video ya mbwa wangu Pilau akipita kwenye handaki na kupanda daraja, unataka mbwa wako Kamanda naye aujue mchezo huo wa ajiliti, wa mbwa kuvuka viunzi mbio, na fimbo ya mpera ya kumfunzia umeshaichonga. Ningekujibu kwa simu kama siku zote, ila hapa dukani Jinja swali lako naulizwa na kila mwenye mbwa wa geti anayekuja kununua dawa ya kupe. Basi nakuandikia wewe, na wao wasome. Usinikasirikie, jina lako silitaji.

Jibu langu ni fupi: fimbo ikiwepo, Kamanda hatafika hata kiunzi cha tatu. Sisemi hivyo kwa huruma tu, ingawa huruma ninayo. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo.

Sikiliza mashindano ya ajiliti yanavyokwenda. Mwamuzi anapanga viunzi uwanjani, kati ya 15 na 22 kwa kanuni za FCI, lile shirikisho la kimataifa la wafuga mbwa, na kila kimoja kina namba yake. Mbwa anaingia, anavuliwa kamba. Wewe huruhusiwi kumgusa. Huruhusiwi kugusa kiunzi. Mkononi hushiki kitu: si nyama, si mpira, si fimbo. Unabaki na miguu, mabega na sauti yako basi. Halafu mbwa ana kasi kukushinda, kwa hiyo kuna mahali lazima akutangulie, akimbilie handaki lililo mita kumi mbele, aingie bila kugeuka kukutazama.

Sasa mfikirie Kamanda. Anajua kukaa, kulala, kunyamaza ukimkaripia. Hayo yote ni mambo ya kuacha: acha kuruka, acha kubweka, acha kusogea. Fimbo inafundisha kuacha, na hapo sikubishii, inafundisha haraka sana. Lakini ajiliti inataka mbwa afanye, tena mbio, tena akiwa mbali na mkono wako. Mbwa aliyezoea kupigwa akiwa mbele hana sababu ya kwenda mbele. Anabaki ubavuni, masikio yamelala, macho kwenye kiganja chako. Ukimsukuma kwa ukali anaganda. Wapo wanaowasifu mbwa wa namna hiyo kuwa na adabu. Uwanjani adabu hiyo inahesabiwa makosa.

Na makosa yana bei. Kuangusha ubao wa kuruka ni pointi 5 za adhabu. Kukataa kiunzi, yaani kufika mbele yake ukasimama au ukakipita pembeni, ni 5 nyingine. Ukikataa mara tatu umetolewa. Ukiruka kiunzi kisicho na zamu yake umetolewa palepale. Ukizidisha muda uliopangwa unaongezewa adhabu. Mbwa mwoga haangushi ubao, maana hauruki. Kazi yake ni kukataa.

Wazo la mchezo huu lilitoka kwa farasi. Mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts pale London, waandaaji walihitaji kitu cha kuwachangamsha watu uwanjani wakati wa mapumziko. John Varley, aliyekuwa kwenye kamati, alimwomba mkufunzi Peter Meanwell asaidie kubuni viunzi vya mbwa kwa mfano wa mashindano ya farasi ya kuruka. Watu wakapenda, na tangu 1996 FCI wana ubingwa wa dunia wa kila mwaka. Lakini hebu ona tofauti: mpanda farasi yuko mgongoni, ana hatamu na visigino. Mwenye mbwa ameachwa chini akikimbia na pumzi zake.

Ukasema pia, nanukuu, "hawa wa kwetu vichwa vigumu, nitafutie wa kizungu." Ni kweli Border Collie ndio wanaotawala. Ni mbwa wa kuchunga kondoo kutoka mpakani mwa Uingereza na Skoti, na kwa vizazi vingi wamechaguliwa wale wanaomtazama mtu na kungoja ishara wakiwa mbali naye. Hiyo ndiyo ajiliti tayari, bila viunzi. Lakini mwaka 2024, kwenye mashindano makubwa ya Westminster huko Marekani, ubingwa wa ajiliti ulichukuliwa na chotara anayeitwa Nimble, wa kwanza asiye wa nasaba moja kushinda pale. (Haki isemwe: ni mchanganyiko wa Border Collie na Papillon, si wa kuokotwa sokoni. Lakini milango imefunguka. Kabla ya 2010 klabu kuu ya Marekani ilikuwa haiwapokei machotara kabisa kwenye ajiliti.)

Mtazame Kamanda bila dharau. Miguu mirefu, kifua chembamba, tumbo limeingia ndani, manyoya mafupi ya kustahimili jua. Ukimwagiza mtu akuundie mbwa wa kuruka, ataunda kitu cha namna hiyo. Anachokosa ni mazoea ya kuamini kwamba mtu akimwita ana heri naye. Atayapata wapi? Tangu anatambaa watoto wanamtupia mawe, na mchana kutwa yuko kwenye mnyororo.

Nenda Gulu uone mbwa haohao. Kuna mradi uitwao Comfort Dog, chini ya shirika la BIG FIX, unaowakutanisha watu walioumizwa na vita vya Kony na mbwa wa kienyeji. Wanafunzwa pamoja, mtu na mbwa wake, na mtu aliyekuwa halali usiku kwa jinamizi anapata mwenzake wa kukaa naye. Ni mbwa wa kijijini, wa kula posho, yaani ugali, kama Kamanda.

Sasa kazi. Wiki za kwanza usijenge kitu. Chukua mukene, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa vizuri, uwavunjevunje, weka mfukoni (shati la kazini, si la Ijumaa). Mwite Kamanda jina lake mara moja. Akigeuza kichwa tu, sema neno moja fupi, mimi nasema "safi!", kisha mpe. Neno litangulie chakula kila mara, maana ndilo linalomwambia ni kitendo gani hasa umekipenda. Ukichelewa ukampa ameshaanza kukurukia, umemlipa kwa kukurukia. Fanya kidogo, uache akiwa bado anataka. Watu wengi wanaharibu hapa, wanaendelea mpaka mbwa anachoka na kwenda kunusa ukuta, halafu wanasema hana akili.

Kisha mfundishe kwenda mbali nawe. Weka kipande cha gunia chini, akikikanyaga, "safi!" na mukene unadondoka palepale juu ya gunia, si mkononi mwako. Mahali pa malipo ndipo mbwa anapopapenda. Ukilipa mkononi kila siku, atakung'ang'ania mkono. Ukilipa kule mbele, atakwenda mbele. Mjomba, kama utasahau yote niliyoandika, hili la mahali pa kulipia lishike.

Kiunzi kinachoniumiza kichwa kuliko vyote, na ninachokipenda kuliko vyote, ni zile nguzo za kupinda. Ni nguzo 12 kwenye mstari, zimeachana sentimita 60, mbwa anazipita kwa kujikunja kama uzi kwenye mshono. Lazima aingie nguzo ya kwanza ikiwa upande wa bega lake la kushoto, hata akija kutoka pembe mbaya, na asiruke pengo hata moja. Hakuna mbwa anayezaliwa analijua jambo hili. Mimi nilinunua paipu za fundi bomba, nikazikata na kuzichomeka kwenye nyasi safu mbili, katikati njia pana. Pilau alipita katikati moja kwa moja akifuata sahani iliyo mwisho wa njia. Kila baada ya siku kadhaa nilizisogeza safu zikaribiane kidogo, upana wa kidole hivi. Hakushtuka. Njia ikazidi kuwa nyembamba, mwili ukaanza kuyumba kushoto na kulia wenyewe, na safu zilipokutana alikuwa tayari anapinda, kichwa chini, mkia ukipiga nguzo tap-tap-tap. Hakuna mahali fimbo ingeweza kuingia katika kazi hiyo. Ungempiga kwa kosa gani?

Pembea ya ubao ndiyo inayotisha. Mbwa anapanda, anafika katikati, ubao unageuka chini ya miguu yake na kugonga ardhi kwa kishindo. Akishtuka siku ya kwanza, huenda asiiguse tena mwaka mzima. Kwa hiyo weka tairi kuukuu chini ya kila ncha ubao ushuke sentimita chache tu, na umlipe kwa ule mlio wenyewe. Ukigonga, mukene. Ukigonga, mukene. Baadaye ndiyo unatoa tairi. Sehemu za mwisho za pembea, daraja na mlima wa mbao zimepakwa rangi tofauti, na mbwa lazima azikanyage, la sivyo ni pointi 5. Si ushamba wa waamuzi. Ni kumzuia asirukie chini kutoka juu akavunja bega.

Mabega yanikumbusha umri. Kamanda bado kijana, mifupa haijakomaa. FCI hawamruhusu mbwa kushindana kabla ya miezi 18. Kwa ukubwa wake huyo atakuja kuruka sentimita 55 hadi 60, lakini kwa sasa ubao ulale chini kabisa, auvuke tu akitembea. Usimrushe kwenye murram wala sakafu ya saruji, tafuta nyasi. Fanya alfajiri au baada ya alasiri, kwani mbwa hana jasho kama letu, anajipoza kwa kuhema, na jua la saa saba litamwangusha. Mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Homa ya kupe inaua mbwa wengi hapa kwetu, na dalili ya mwanzo mara nyingi ni hiyo tu ya kukataa kula na kulegea, ambayo watu huiita uvivu.

Ukimwona anakimbia vizuri, jifunze wewe sasa. Kabla ya shindano watu wanaruhusiwa kuingia uwanjani bila mbwa na kutembea njia nzima. Utawaona wazee wazima wananyoosha mikono hewani, wanageuka, wanaita mbwa asiyekuwepo. Utacheka, mimi nilicheka. Lakini mbwa anasoma miguu yako kabla ya neno lako. Vidole vya miguu vikielekea kiunzi cha saba huku mdomo unasema cha sita, atakwenda cha saba, na ndiye aliye sahihi. Hapa Walukuba tunashindana wenyewe kwa wenyewe asubuhi ya Jumapili, kabla vijana wa mpira hawajaudai uwanja, na karibu kila mbwa akipotea njia, ukirudisha video unaona bega la mwenyewe ndilo lililompeleka.

Unaogopa atapoteza ukali wa geti. Pilau hubweka kila bodaboda ikisimama mlangoni, na mgeni asiyejulikana hapiti. Kufanya kazi na mtu hakumfanyi mbwa asahau nyumba ni ya nani. Kinachompunguzia ulinzi ni mnyororo wa mchana kutwa, usiku amechoka kwa kuzunguka kigingi.

Na lile la mbwa kuwa najisi, usidhani nimelikwepa. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi na sibishani na Sheikh. Mate ya mbwa ninayaosha kama tulivyofundishwa, mara saba na moja kwa udongo, nguo za mazoezi zina kamba yake ya kuanikia, na Pilau haingii ndani. Ila katika Suratul Maida, aya ya 4, wametajwa wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na windo walilolikamata likahalalishwa. Kumfunza mbwa si jambo geni kwetu. Tumezoea tu kumfukuza.

Nitakuja baada ya mwisho wa mwezi, nikifunga hesabu za duka. Mpaka hapo fungua mnyororo asubuhi, anza na jina na mukene, na usijenge pembea kabla sijafika, nakujua ulivyo na haraka na mbao. Nitumie picha ya kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama haina mhuri wa mwaka huu, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii hii, kwa sababu watoto wa mtaa mzima watakuja kutazama, na sitamfungua mbwa asiyechanjwa mbele yao.

Nisalimie mkaza mjomba. Nimesikia umemwogeshea Kamanda kwenye beseni lake la kufulia. Mwambie nakuja na jipya kutoka Jinja, lile lako na mbwa wako sasa.

Mpwa wako,
Walukuba, Jinja