Tupunguze sauti ya muziki tusikie maneno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu muziki wa majumbani, hapa Tanga na kwingineko ambako watu bado hukaa barazani jioni. Ombi langu ni moja. Tunapokaa kusikiliza nyimbo pamoja na jamaa na majirani, tupunguze sauti kiasi ambacho mtu aliyeketi upande wa pili wa mkeka ataweza kuuliza, "Hapo amesema nini?" na akajibiwa bila mtu kupiga kelele.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31, na tangu nistaafu nakaa Ngamiani, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu alipokuwa mfanyakazi wa reli. Kila Ijumaa baada ya sala ya isha hukusanyika barazani kwetu watu wanane, kumi, pengine zaidi: mke wangu, shangazi yangu ambaye umri wake umepita miaka 80, binti yangu na wanawe, jirani yetu fundi cherehani pamoja na mkewe, na rafiki yangu wa tangu utotoni ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri na huletwa na mjukuu wake kwa pikipiki. Kahawa huwa ipo, kashata huwa zipo, na kila mmoja ana zamu ya wimbo mmoja. Anayeweza kuimba huimba. Asiyeweza huupiga kutoka kwenye simu, nayo simu huiweka ndani ya bakuli la udongo ili sauti iongezeke kidogo. Wimbo ukiisha hatupigi mwingine papo hapo. Tunauzungumza.

Mazungumzo hayo ndiyo ninayoyatetea, kwa sababu nyimbo zetu, hasa za taarab, hazikutungwa ili zieleweke mara moja na mtu mmoja. Nitatoa mfano wa nyumbani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiimba ubeti ambao aliusikia kwa wanawake wakubwa wa Pangani kabla hajaolewa:

Mnazi upo uani, kivuli chake ni kwao,
Jua likija kichwani, sina pa kukaa nao,
Maji namwaga shinani, dafu wanywa watakao.

Mizani imetimia, kila kipande silabi nane, vina vya ni na o vimeshikana tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno yote ni ya kila siku. Mtoto wa darasa la tatu anajua mnazi, kivuli na dafu. Hata hivyo tumekaa na ubeti huu Ijumaa tatu mfululizo na hatujaumaliza. Mke wa fundi alisema bila kusita kwamba huyo ni mwanamke anayemhudumia mume ambaye matunda yake yanakwenda nyumba nyingine. Shangazi akakataa. Kwake yeye mnazi ni mtoto: unamlea wewe, unamsomesha wewe, na akishakuwa mtu mzima kivuli chake kinawaangukia wakwe. Rafiki yangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika shamba la mkonge, alinyamaza mpaka wote walipomaliza, kisha akasema kwamba yeye hamwoni mume wala mtoto, anamwona kibarua na tajiri wake. Nimesomesha ushairi maisha yangu yote na tafsiri hiyo haikuwahi kunijia. Halafu likaja neno "nao" lililo mwishoni mwa mshororo wa pili, ambalo lilituchukua usiku mzima: mwimbaji hana pa kukaa na mnazi wake, au hana pa kukaa na hao watu waliopata kivuli? Sarufi inaruhusu yote mawili. Binti yangu alisema mtunzi aliyataka yote mawili, nami nakubaliana naye.

Tusingeyapata hayo kama ubeti huo ungepigwa kwa spika ya kutikisa madirisha, wala kama kila mmoja wetu angeusikiliza peke yake kwa visikizio vya masikioni. Siwalaumu wanaosikiliza peke yao. Mtu aliye safarini ndani ya basi la Dar es Salaam ana haki ya kutuliza moyo wake apendavyo. Nasema tu kwamba akifika nyumbani, wimbo ule aliousikiliza njiani una kazi iliyobaki, na kazi hiyo inahitaji watu.

Wala hapa Tanga hilo si jambo geni. Nilipokuwa mtoto katika miaka ya 1960, redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Ya baba ilikaa dirishani, na majirani walikuja na vigoda vyao. Ndio wakati ambao wapenda dansi wa mji huu walikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na wapenda taarab walikuwa na Black Star. Marehemu Bi Shakila Said, mwana wa Pangani, aliimba katika Black Star na pia katika Lucky Star kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na nyumbani kwetu jina lake lilitajwa kama la ndugu. Taarab ya Tanga ilijitenga na ile ya Unguja kwa uchache wa vyombo: pale ambapo Unguja walipanga safu ya fidla pamoja na kanuni, udi na akordioni, huku watu wachache walishika magitaa, besi, kinanda na ngoma ndogo. Nionavyo mimi, uchache huo ndio ulioiweka sauti ya mwimbaji mbele ya vyombo, kila neno likafika dirishani likiwa zima. Na tusisahau kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji huu, aliona kuwa maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, yanastahili kitabu kizima, akakiandika. Mshairi aliyeyapima maneno kwa uangalifu kiasi kile aliwaheshimu waimbaji kwa sababu ya maneno yao.

Hata desturi ya kutunza, ambayo siku hizi wengi huiona kuwa ni kumwaga fedha tu, msingi wake ni kusikia. Mwanamke akiinuka katikati ya wimbo, akaenda kwa mwendo wa taratibu kumtunza mwimbaji kwenye mshororo fulani na si mwingine, anauambia ukumbi mzima kwamba neno hilo amelichukua, ama ni lake, ama analipeleka kwa aliyeketi meza ya tatu. Asiyesikia mshororo hajui ainuke lini, na wanaomtazama hawajui ameinukia nini.

Nimewahi kuambiwa kwamba mazungumzo haya ni ya wazee na kwamba vijana wana muziki wao. Sikubaliani na hilo. Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 17 alipofikiwa na zamu yake alileta singeli, muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, ambao mapigo yake yanaweza kupita 200 kwa dakika moja na mwimbaji humwaga maneno pasipo kuvuta pumzi. Nilitegemea shangazi aombe ruhusa ya kwenda kulala. Badala yake alimwambia, "Baba, sasa zima simu, uniambie huyo mtu alikuwa anasema nini, pole pole." Kijana akayasema maneno yote kwa kichwa, mstari baada ya mstari, kuhusu kodi ya chumba, rafiki aliyemkimbia siku ya shida na mama anayesubiri kutumiwa fedha. Katikati yake ulikuwamo msemo ambao shangazi aliusikia mara ya mwisho kwa bibi yake mwenyewe. Alimrudisha hapo mara tatu. Tangu usiku ule kijana haikosi Ijumaa, na mimi nimeacha kuwaambia wanafunzi wa zamani wanaonitembelea kwamba nyimbo za sasa hazina maneno. Maneno yamo, mdundo umeyafunika, na yanahitaji mtu wa kuyauliza.

Linalonisumbua zaidi ni harusi. Miezi michache iliyopita nilialikwa na jamaa yangu kwenye harusi iliyofanyika uwanjani hapa mjini. Mitambo ilikuwa mirefu kuliko mtu, na wanawake wazima walioketi karibu nayo walijifunika kanga masikioni tangu saa kumi jioni hadi chakula kilipoletwa. Miongoni mwao alikuwamo somo yake bibi harusi, mama aliyetoka Muheza akiwa na nyimbo za kumwimbia mwari wake, nyimbo ambazo hazimo katika simu ya mtu yeyote. Aliondoka hajaimba hata moja. Sizungumzii hapa kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, ambazo zipo na zina wasimamizi wake. Wala siombi vijana wa mitambo wanyimwe kazi yao, maana wanaitegemea na wengi wanaifanya kwa ustadi. Naomba wenye shughuli, kabla ya kukata keki, watoe saa moja mitambo inyamaze, vikaletwa viti karibu karibu, wakaitwa shangazi na makungwi na wajomba wenye sauti, wakaimba kwa vigelegele na makofi na ngoma ya mkono ikiwepo. Saa moja katika shughuli ya saa nane si nyingi. Na majumbani, hata hiyo saa haihitajiki. Inatosha mtu kuinuka akapunguza sauti wimbo anaoupenda unapoanza, badala ya kuiongeza.

Nina ombi jingine dogo, Mhariri, ambalo linanihusu mwenyewe. Wimbo wa mama ulikuwa na beti tatu. Wa kwanza ndio huo nilioutaja. Wa tatu shangazi anaukumbuka nusu. Wa pili umetupotea sote, nami niliyekuwa mwalimu wa somo hilo hilo sikuuandika wakati mama yupo, kwa kuwa nilimsikia akiuimba kila jioni na nikadhani nitausikia tena kesho. Iwapo kuna msomaji wa Pangani, Mkwaja au Kipumbwi ambaye kwao kuna mzee anayeujua wimbo wa mnazi uliopo uani, namwomba amkalie jioni hii, amsikilize, na auandike ubeti huo kwa gazeti lako. Shangazi anasema unaanza na mashua iliyotia nanga, ila nanga yenyewe ilikuwa ya nani hakumbuki.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Ngamiani, Tanga