Hundi ilikuwa habari, jezi zikawa tangazo

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari, na ningeendelea kunyamaza kama si ile makala ya kurasa za biashara iliyotuambia sisi wenye biashara ndogo kwamba kudhamini timu ya michezo ni kutupa pesa. Hoja ilikuwa moja tu: watazamaji wa timu ndogo ni wachache, kwa hiyo tangazo halilipi. Mwandishi wenu amechukua rula ya kampuni zinazohesabu sekunde za televisheni, akaja kupimia karakana yangu ya kuchomelea.

Mimi sina haja ya kuonwa na watu milioni. Mteja wangu ni yule anayekaa karibu, anayeweza kuniita nikapime geti lake, na ndiye huyo huyo anayesimama pembeni mwa uwanja kila wiki kumtazama mwanawe akicheza. Bango la barabarani analipita. Jezi anaifua, anaianika, na mtoto anaendelea kuivaa hata msimu ukishaisha. Kila mteja mpya namuuliza amenipataje, na jibu ninalolisikia sana ni, "Wewe si ndiye wa zile jezi?" Kwa fundi anayeingia majumbani mwa watu kufunga vyuma vya madirisha, kuaminiwa kabla ya kubisha hodi ni nusu ya kazi.

Kama makala ingesema udhamini haumfaidii anayetoa pesa kisha akaenda kulala, ningeikubali. Wengi wetu tunatoa kama sadaka: hakuna mkataba, hakuna aliyeandika jina litakaa wapi na kwa misimu mingapi, wala kama fundi mwingine wa vyuma anaweza kubandikwa mgongoni mwa jezi ile ile. Wazoefu hutenga fungu jingine la kuutangaza huo udhamini wenyewe, wakati mwingine sawa na walicholipa. Hayo yote makala iliyaruka.

Iliruka na historia pia. Klabu inayotajwa kuwa ya kwanza Uingereza kuvaa jina la mdhamini kifuani ni Kettering Town, Januari 1976, klabu isiyokuwa hata kwenye ligi za juu, na mdhamini alikuwa Kettering Tyres, wauza matairi wa hapo hapo. Chama cha soka, FA, kikaamuru jina litolewe. Meneja wao, Derek Dougan, akaacha "Kettering T" na kudai kwamba T ni ya Town. FA haikucheka, lakini 1977 iliruhusu majina ya wadhamini. Liverpool walivaa Hitachi mwaka 1979, baada ya wauza matairi kufungua njia.

Sasa nije kwenye kilichonichoma. Timu ya vijana ninayoidhamini ilitwaa kombe. Jezi nilinunua mimi, mipira nilinunua mimi, usafiri wa mechi za ugenini nililipa mimi tangu msimu ulipoanza. Siku ya fainali, na siku hiyo tu, ikafika kampuni kubwa na hundi ya boksi ndefu kuliko golikipa wetu. Mpiga picha wenu akawapanga watoto nyuma ya hiyo hundi, vifua vyote vikazama, zikabaki nyuso. Kesho yake maelezo ya picha yakataja jina la kampuni mara mbili na msemaji wake kwa cheo chake kamili; timu ikaitwa "mabingwa" basi, kama vile haina jina. Nilikuja ofisini kwenu kuuliza. Nikajibiwa kwa upole kwamba kuandika jina la karakana yangu ni kutangaza biashara, na matangazo yana bei yake. Nikauliza, na ile hundi je? Nikaambiwa ile ni habari! Halafu gazeti hilo hilo linakaa chini na kuandika kwamba udhamini hauwalipi wadogo.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kurasa zenu za michezo: matokeo ya ligi ndogo yamekwenda wapi? Zamani yalikuwa na kona yake, pamoja na wafungaji. Siku hizi ukurasa mzima ni tetesi za nyota wa Ulaya anayehama leo, hahami kesho, na kesho kutwa mnatuandikia kwamba hakuwahi kutaka kuhama. Mtoto aliyefunga mabao matatu hana pa kulisoma jina lake. Likitokea limekosewa.

Ushauri wangu ni mdogo. Hundi yoyote inayoletwa uwanjani ishikwe chini ya kitovu. Mpiga picha ahesabu vifua kabla ya kubonyeza, na kama havionekani, apige picha ya pili bila hundi, kisha ninyi mchapishe hiyo ya pili. Kama hilo ni zito kwenu, basi nitumieni vipimo vya hundi inayohesabika kuwa habari. Bati ninalo. Nitakata yangu na kuichomelea vishikio viwili. Itakuwa nzito kidogo, lakini watoto ni wengi, watasaidiana.

Mchomeleaji na mdhamini